Trela yenye jiko nyuma: miezi 14 nikiivuta kutoka Malindi, nini kimehimili na nini kimevunjika

Kama umewahi kupanda basi la Lamu ukachelewa ukapewa siti ya nyuma kabisa, basi nitakayosema hapa ushayajua mwilini. Alokaa karibu na dereva tuta analisikia kidogo tu, wewe wa nyuma unarushwa juu mpaka kichwa kinagonga dari. Sasa chukua jiko zima, kabati, sahani, friji, mtungi wa gesi, vyote uviweke kwenye ile siti ya nyuma. Hio ndo trela nilonunua.

Mie ni mpishi wa shughuli hapa Malindi, harusi, hitma, futari za Ramadhani, mikutano ya maofisi, popote nnapoitwa. Trela niliinunua kwa mzungu aliekuwa akiishi huku na alikuwa anarudi kwao. Ni ile aina ya Kimarekani ambayo haifungwi kwa mpira wa chuma nyuma ya gari, inakuja mpaka ndani ya keria ya pikapu na inakaa kwa kingipini, ile pini nene ya chuma ya mbele, juu ya sahani kama ya malori, mafundi wa malori wanaiita fifwili. Sehemu ya mbele iloinuka juu ya keria ni kitanda, katikati kuna viti, na ukuta wote wa nyuma ni jiko. Ekseli mbili. Navuta kwa Land Cruiser pikapu.

Nianze na uzuri kwa sababu upo na ni mwingi. Ukishasimama jiko la nyuma halina mfano. Kuna dirisha kubwa linaangalia nyuma, wafungua na upepo wa bahari unaingia, moshi wa mafuta wa viazi karai unatoka wote, na unawapa watu chai na mahamri moja kwa moja bila mtu kupita ndani akakanyaga vitu. Meza ya kukatia ni ndefu, vijana wangu wawili wanakaa pamoja kukata kachumbari na hawagusani viwiko. Pilau na biriani bado twapika nje kwa masufuria makubwa, lakini vyote vilobaki vinatoka humo ndani.

Kwa kuvuta pia sina neno. Uzito wa mbele unakaa juu ya ekseli ya pikapu yenyewe na sio nyuma ya bampa, kwa hivo lori kubwa likikupita kule Gongoni na upepo wake hulisikii trela likicheza kama zile za kawaida. Kona inakata vizuri. Kulirudisha kinyumenyume kulinichukua wiki mbili kujifunza.

Tatizo ni barabara, yaani sio trela kwa jumla, ni kule nyuma kwenyewe.

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa Mokowe, nilipata kazi ya kuwapikia wageni waliokuwa wanavuka kwenda Amu, yaani Lamu, kwa Maulidi, na kwa vile trela haivuki kwenda kisiwani ilibidi tupike huku bara. Ni zaidi ya kilomita 200, Sabaki, Marereni, Garsen, Witu, mpaka ufike. Lami ni nzuri sehemu nyingi lakini matuta yapo, na kuna mahali lami imebonyea. Tulipofika nikafungua mlango wa nyuma nikabaki nimesimama tu. Milango mitatu ya kabati ilikuwa wazi. Kopo la bizari limepasuka likamwagikia sukari, sukari imekuwa ya manjano, juu yake mafuta ya nusu galoni, na ndani ya huo uji vipande vya glasi. Glasi 24 za sherbeti, zilobaki nzima 5. Droo ya visu ilikuwa imetoka kwenye reli zake iko sakafuni, mlango wa friji umefunguka na maziwa yote chini. Mamangu mdogo tulikuja nae akaniambia mwanangu kaa chini kwanza unywe maji. Nilikaa, maana machozi yalikuwa yashanitoka, wageni walikuwa wanafika saa kumi.

Mwanzo nilidhani ni mwendo. Safari ya kurudi nikapunguza mpaka 60, ikawa afadhali lakini sio sana. Ndo nikaanza kuuliza mafundi, na alienielewesha ni fundi mmoja wa bodi za malori. Aliniambia fikiria pembea ya watoto, ule ubao wa kukaa mmoja huku mmoja kule. Magurudumu ndo kigingi cha katikati. Mbele ubao umeegemea springi za pikapu, umetulia, lakini huku nyuma kuna mita mbili na nusu zinaning'inia hazijashikwa na kitu, magurudumu yakizama shimoni ncha ile inachapa kama mjeledi. Na kadiri kitu kiko mbali na ekseli ndivo kinavorushwa zaidi.

Sikumuamini mpaka nikajaribu mwenyewe. Safari ya Marafa, ile barabara ya vumbi ambayo imejikunja kama bati la paa, nikaweka trei moja ya mayai kabati la chini la jikoni na trei nyingine kwenye kitanda cha mbele juu ya keria. Mwendo ule ule, siku ile ile. Ya mbele hakuna hata yai moja lenye ufa. Ya jikoni yalivunjika 11 katika 30.

Basi kuanzia hapo nikabadilisha vitu na hapa ndo nataka msome polepole wenye mpango wa kununua. Cha kwanza maji. Tangi la lita 200 lilikuwa chini ya jiko, nyuma ya ekseli, na lita moja ya maji ni kilo moja kwa hivo ni kilo 200 zinakaa pale pale ambapo hapafai. Nikapeleka trela kwenye mizani ikiwa na mzigo, jumla kilo 2,600, na uzito uloegemea kwenye kingipini ulikuwa 310 tu, kama asilimia 12. Kwa trela za aina hii inatakiwa kati ya asilimia 15 na 25. Mbele ikiwa nyepesi trela inaanza kutetereka nyuma, na jiko ndo linaadhibiwa. Tukahamisha tangi mbele ya ekseli, ikapanda mpaka 470, yaani asilimia 18, na tofauti niliisikia kabla hatujafika Watamu. Na tangi ama lijaze ama ulimwage kabisa, likiwa nusu maji yanapiga huku na huku.

Pili ni komeo. Kabati zilikuja na zile sumaku ndogo za kabati za nyumbani, hizo ni za nyumba isotembea. Nimeweka komeo za chuma za kubana kila mlango, droo nimezitia kifungo cha kusukuma, friji ina mkanda. Sahani sasa ni za melamini, na sufuria zinaingiana na kipande cha leso kuukuu katikati ya kila moja, hazipigi kelele wala hazikwaruzani. Glasi nilizoziokoa ziko nyumbani, hazipandi tena trela.

Gesi nimeiacha niisemee peke yake kwa sababu ni roho za watu. Baada ya miezi kama mitatu nilisikia harufu asubuhi nikiwa bado sijawasha kitu. Tukapaka maji ya sabuni kwenye bomba la shaba, na pale linapoingia jikoni mapovu yakaanza kutoka, nati ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Bomba gumu halina pa kupumulia, kila tuta linavuta nati. Tumeweka kipande cha mpira wa gesi wa kupinda kabla ya jiko, mtungi wa kilo 13 tumeuhamishia mbele kwenye sanduku lenye matundu chini, na sheria yangu ni moja, mtungi unafungwa kabla gari haijawashwa na sabuni inapakwa kila tukifika. Kijana wangu akisahau hapiki siku hio.

Kutu sasa. Hii hata trela ikisimama inakuja, sisi tuko pwani na hewa yetu ina chumvi, lakini mtikisiko unaiongeza kwa sababu skrubu ikicheza rangi inabanduka na chumvi inaingia. Skrubu za kawaida za kule nyuma ziliota kutu ndani ya mwaka, bawaba mbili zikaganda. Tumeng'oa zote tukaweka za stenlesi. Pia nilikuta ufa mdogo kama urefu wa kidole kwenye pembe ya juu ya dirisha la jikoni, na chini yake chasisi ilikuwa na ufa kwenye weldi ya mwisho kabisa nyuma. Imeongezwa chuma na kuchomelewa upya, hadi leo haijarudi. Ukienda kuangalia trela yoyote ya jiko nyuma lala chini uangalie weldi hio, muuzaji asikuharakishe.

Paa, sakafu, kitanda, madirisha ya pembeni, ekseli, vyote salama, sijagusa. Springi pekee ndo tuliongeza shokapu kwa sababu ilikuja bila.

Nyota naipa 3 katika 5. Ningekuwa naanza upya ningetafuta yenye jiko katikati juu ya ekseli, hata kama dirisha ni dogo. Kwa mtu atakaeipeleka mahali aiegeshe miezi, tuseme pale ufukweni Watamu, aichukue hii bila wasiwasi. Kwa anaezunguka kila wiki kama mie, weka pembeni pesa ya mafundi kabla hujanunua, mie zimeniondoka kama laki moja na nusu juu ya bei.

Mokowe tumerudi tena mara mbili tangu tufanye hayo. Safari ya mwisho nilifungua mlango wa nyuma nikakuta kitu kimoja tu chini, kifuniko cha birika.