Wabaptisti wa Kale na Wabaptisti wa Misheni: ungeabudu wapi?

Mkulima Mbaptisti wa North Carolina au Kentucky, Marekani, miaka ya 1830 alijikuta kati ya kambi mbili, Wakale na watu wa Misheni, na mara nyingine majirani wa bonde moja waligawanyika.

Chanzo kilikuwa fedha na vyama. Mwaka 1827 jumuiya ya makanisa ya Kehukee, ya upande wa Wakale, ilivikataa vyama vya misheni. Mwaka 1832 wenzao waliokutana Black Rock, Maryland, wakazikataa pia shule za Jumapili na vyuo vya theolojia. Mungu ameshateua wa kuokolewa, walisema, mchango wa nini tena? Watu wa Misheni wao walichangisha, wakatuma wamisionari.

Kwenye ibada ndiko tofauti ilikoonekana. Mhubiri wa Wakale alikuwa mkulima tu, hana mshahara. Nyimbo hazikuwa na ala: kiongozi anatamka mstari, waumini wanauimba polepole. Kisha, kwa wengi wao, yalifuata mabeseni na taulo, wanaume wakaoshana miguu, na wanawake vivyo hivyo. Hapa mimi nawapa Wakale ushindi.

Kwa nidhamu hawakupishana sana. Jumamosi moja ya mwezi kikao kiliketi: nani kalewa, nani kacheza dansi, nani kakwepa deni. Na wenye watumwa walikuwamo pande zote mbili, tusifiche.

Ila mtoto asiyejua kusoma ningempeleka shule ya Jumapili ya watu wa Misheni, Wakale wanune wapendavyo.