Mashine ya kupandia nyasi za treni za mfano: waya umeachia, muuzaji akanicheka

“Nyasi ni nyasi, boss. We mwaga tu, itashika.” Hayo ndiyo niliyojibiwa na muuzaji nilipompigia kumweleza kwamba waya wa mashine aliyoniuzia umeachia. Hasira hazijanitoka mpaka leo.

Kwa asiyeijua, unajaza nyuzi fupi za nailoni kwenye kikombe chenye chujio, unapaka gundi nyeupe ya mbao kwenye ubao wa mandhari ya treni zako, unachomeka msumari kwenye gundi hiyo ikiwa mbichi, kisha unaubana msumari kwa kibanio cha waya unaotoka kwenye mashine. Ukiwasha na kutikisa, umeme tuli unazishusha nyuzi zikiwa wima, zinajichomeka kwenye gundi. Bila waya huo umeme hauna pa kurudi, na nyuzi zinalala ovyo kama makapi. Yaani waya ndio mashine yenyewe! Wangu uling'oka hata kikombe cha kwanza hakijaisha, gundi imeshapakwa na inakauka.

Ninachojenga ni kipande cha reli ya zamani kwenye tambarare za Athi, kipimo cha 1:87, kwa hiyo ile njia yenye upana wa mita moja kati ya reli inakuwa ya milimita 12. Injini za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, ndizo zitapita hapo, zile zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester na kupewa majina ya milima. Aliyesimama kando ya injini namba 5918, Mount Gelai, kwenye makumbusho ya reli Nairobi anajua lile dude linavyostahili heshima. Huwezi kulipitisha kwenye kijani kibichi cha bustani. Kiangazi nyasi za Athi huwa na wekundu ndani ya ukavu wake, na chini unaona udongo mweusi uliopasuka. Zinazofika magotini, kwa kipimo hiki ni karibu milimita 6. Ndiyo maana nilichanganya nyuzi za milimita 2, 4 na 6, nyingi rangi ya majani makavu, kijani kidogo tu chini ya tuta ambako maji ya mvua hutuama. Halafu mtu ananiambia nyasi ni nyasi!

Nilimwomba waya tu. Sikudai pesa, sikudai mashine nyingine. Akacheka, akasema vitu vya watoto havina waranti, akakata simu.

Fundi wa redio wa mtaani kwetu, mzee mpole, ndiye aliyeuchomelea upya. Na hapa lazima niitendee haki mashine: ilifanya kazi vizuri mno. Nyasi zilisimama unyasi mmoja mmoja, ukizipuliza zinayumba. Nilizitazama muda mrefu, na moyoni nikaipa nyota nne.

Lakini mzee alinionyesha kile kiungo. Tone dogo la risasi ya kuchomelea, basi, hakuna chochote kinachoushikilia waya usivutwe. Na waya huu lazima uvutwe, maana kila ukisogea sehemu nyingine unahamisha msumari karibu, la sivyo nyuzi zinalegea. Aliyeiunda alijua hilo. Basi nikaishusha hadi nyota mbili. Nikikumbuka kile kicheko kwenye simu, moja, na hiyo moja ni ya zile nyasi.

Ukiipata kwa muuzaji mwingine, inunue. Ila uvute ule waya mbele yake kabla hujatoa pesa.