Thunderbird kwenye Windows 11: uzoefu wangu baada ya kuachana na Outlook 2010

Kompyuta ya ofisini Kariakoo ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nikaipandisha kwenda 11. Outlook 2010, programu ya barua pepe ya Microsoft, ilifunguka kama kawaida, ila ikawa inadai nenosiri la Gmail kila dakika. Windows haina kosa hapo: Google imefunga mlango kwa programu zinazoingia kwa nenosiri la kawaida, na Outlook ya zamani haiijui OAuth, njia ya kuingia kwa kukubali kwenye dirisha la Google badala ya kuipa programu nenosiri lako. Nenosiri la programu la herufi 16, ambalo Google hukutengenezea kwa ajili ya programu moja, lingeisukuma kidogo, lakini Office 2010 haipati marekebisho ya usalama tangu Oktoba 2020. Nikaweka Thunderbird, programu ya barua pepe ya bure.

Gmail iliingia haraka: unaandika anwani, dirisha la Google linafunguka, unakubali. Akaunti ya kampuni nilijaza kwa mkono: IMAP (ya kusoma barua zikiwa kwenye seva) poti 993, SMTP (ya kutuma) poti 465, zote kwa usimbaji wa SSL/TLS.

Jasho lilitoka kwenye barua za zamani. Outlook yetu ilitumia POP, njia inayoshusha barua kwenye kompyuta, hivyo kila kitu kilikuwa ndani ya faili la .pst, ghala la barua la Outlook. Thunderbird hailisomi yenyewe. Huzipokea barua kupitia Outlook, ambayo lazima iwe bado ipo kwenye mashine na iwe ya biti sawa na Thunderbird (32 au 64, aina ya toleo la programu). Yetu ilikuwa ya biti 32, Thunderbird ya 64, zikakataana. Anayefuta Outlook kwanza anajifungia nje. Nilinakili .pst kwenye flashi, nikaiongeza akaunti ya kampuni ndani ya Outlook hiyohiyo kama IMAP, kisha nikanakili barua kwenda kwenye seva, mia mbili mia mbili. Ukizibeba zote kwa mkupuo na mtandao ukakatika, hujui zipi zimefika. Pima kwanza nafasi iliyobaki kwenye seva.

Nyota moja naikata hapa: Thunderbird hushusha barua zote za IMAP bila kuuliza, na kwa anayetumia bando la simu hilo ni balaa. Ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji, uondoe tiki ya kuhifadhi barua kwenye kompyuta, au uweke siku 30 tu.

Programu yetu ya stoo, ya biti 32, iliamka baada ya kuwasha .NET Framework 3.5, sehemu ya Windows inayotegemewa na programu za zamani: andika optionalfeatures kwenye kisanduku cha kutafutia, weka tiki, iache ishushe. Za biti 16 Windows 11 haiziendeshi kabisa. Ukikuta yako ni ya namna hiyo, una siku 10 za kurudi Windows 10, mradi hujafuta folda ya Windows.old, inayotunza mfumo wa zamani.