Filamu ya Jonestown: walituzimia kabla ya mwisho

Msipeleke hela zenu kwenye ule ukumbi wa upande wa Nguba, hapa Bukavu. Mimi nililipa franka elfu mbili zangu na elfu mbili za mdogo wangu, tukashuka kwa miguu kutoka Kadutu, tukakaa kwenye viti vya plastiki zaidi ya saa nzima. Halafu kijana wa projekta akafunga kompyuta filamu ikiwa bado inaendelea, taa zikawaka. Eti kwaya inataka ukumbi kwa mazoezi.

Filamu ni ile ya Stanley Nelson ya mwaka 2006, juu ya Jim Jones, mhubiri wa Marekani, na watu waliomfuata mpaka Jonestown, kijiji chao msituni Guyana, Amerika ya Kusini. Sina neno baya juu yake. Au ninalo moja, nitalisema.

Nilisimama nikamwambia, "Ndugu yangu, tuachie hata dakika kumi na tano." Akajibu bila kunitazama, huku anakunja waya: "Mama, mwisho si unajulikana? Walikunywa sumu, wakakufa. Wajinga tu." Watu wakacheka. Mdogo wangu akavuta kitenge chake, akajifunika kichwa.

Yeye alikaa karibu miaka miwili katika chumba cha maombi cha nabii mmoja wa hapa Bukavu. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa ndani ya begi la nabii pamoja na za wengine, zimefungwa kwa mpira. Simu alipewa Jumapili, mtumishi amesimama pembeni anasikiliza. Kule Guyana nako watu walinyang'anywa pasipoti, barua zao zilisomwa, sauti ya Jones ilitoka kwenye vipaza sauti mchana na usiku. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa anatazama habari za Wamarekani.

Wajinga! Neno hilo bado linanichoma. Wengine walimfuata Jones tangu jimbo la Indiana kwa sababu katika Marekani ile ya ubaguzi, kwake Mweusi na Mzungu walikaa benchi moja. Wazee walipata pa kukaa na wa kuwaangalia. Watu waliuza nyumba, wakatoa kila senti, wakijua wanajenga kijiji cha haki. Tarehe 18 Novemba 1978, kwa amri ya Jones, walikufa zaidi ya 900, na kati yao watoto walizidi 300. Watoto ndio waliotangulizwa, sumu ya sianidi ikamiminwa vinywani mwao kwa bomba la sindano, na walinzi wenye bunduki wamezunguka. Mtoto wa miezi mitatu naye ni mjinga?

Tena yuko Christine Miller. Saa ile ya mwisho ilirekodiwa kwenye kanda, nami tulipofika nyumbani niliitafuta kwenye simu. Mama huyu alisimama mbele ya umati wote akabishana na Jones: kwa nini wasiende Urusi, na hawa watoto wanastahili kuishi. Kelele za wenzake zikamfunika. Mtu amesimama hivyo, peke yake, halafu kijana wa projekta anamwita mjinga!

Neno langu baya: filamu inampa Jones nafasi kubwa mno, miwani yake myeusi inajaa ukuta. Lakini hapana, hilo ninalifuta. Wanaosimulia ni walionusurika wenyewe, hata mwanamume aliyeshuhudia mkewe na mtoto wake mchanga wakifa. Anaongea polepole, na ukumbi wetu wote ulinyamaza. Haohao waliocheka baadaye.

Nilisema msiende. Wakiionyesha tena, hata palepale, nendeni, ila kabla ya kutoa hela mumuulize yule kijana kama ataiacha iishe. Akisitasita, rudini nyumbani.

Kanda ile nilimtafsiria mdogo wangu kwa Kiingereza changu kidogo, tumekaa kitandani, simu katikati yetu. Hakusema kitu mpaka mwisho. Halafu akanigusa mkono: "Yaya, rudisha pale mama anaposimama."