Duka la vifaa vya maabara Moshi mjini: vyombo vizuri, lebo mbovu

Kwa mihula miwili sasa nimekuwa nikinunua mahitaji ya maabara ya shule yetu, iliyoko upande wa Kibosho, katika duka moja la Moshi mjini lisilo mbali na Soko Kuu. Jina lake silitaji, kwa sababu pamoja na sifa linazostahili, lina dosari ambayo kwangu si ndogo, na mwenye duka nimekwisha kumweleza ana kwa ana.

Nianze na vyombo. Bureti, yaani mirija ya kupimia kimiminika, za mililita 50 nilizochukua hazivuji kwenye koki, wavu wa kupashia moto una kauri katikati badala ya asbesto, na vipimajoto ni vya spiriti wala si vya zebaki, hivyo kimoja kikivunjika ni hasara ya kipimajoto tu. Zipo pia puto za mpira za kuvutia kimiminika kwenye pipeti. Mimi nilifundishwa kunyonya kwa mdomo, na ladha ya permanganeti naikumbuka hadi leo.

Miwani ya kinga ipo ya aina mbili, na mnunuzi asipouliza atapewa ile ya bei nafuu iliyo wazi pembeni, ambayo huzuia kipande cha glasi kinachoruka mbele lakini haizuii tone linaloingia kwa ubavuni. Iliyo bora hufunika jicho pande zote, na kwenye fremu yake imechapwa EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, pamoja na tarakimu 3, maana yake imepimwa dhidi ya matone na mirusho ya vimiminika. Nilishauri tununue chache za aina hii, wanafunzi wapokezane kwa zamu, kuliko kulivisha darasa zima miwani ya mapambo.

Dosari iko kwenye kemikali. Sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki wanayoijua watengeneza sabuni, hupunguzwa kutoka kwenye chombo kikubwa na kutiwa kwenye makopo ya plastiki yaliyoandikwa kwa kalamu “NaOH gramu 500”, basi. Hakuna mraba wenye mpaka mwekundu unaoonyesha kimiminika kikila mkono na chuma, hakuna jina la mtengenezaji wala tarehe, na karatasi ya usalama nilipoiomba niliambiwa ilibaki na mzigo wa kwanza. Kihatarishi cha kostiki hakibadiliki, kwa kuwa ni babuzi, yaani hula ngozi, popote iwekwapo. Kinachobadilika ni uwezekano wa kumdhuru mtoto, na huo hutegemea ukali wa mmumunyo, kiasi kinachotumika, miwani, na mtu anayejua ameshika nini. Wanafunzi wetu huiogopa asidi na kuidharau besi, kundi ambalo kostiki imo. Hata hivyo, asidi ya haidrokloriki ya moli 2 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali) haifiki kiwango cha kuitwa babuzi, ilhali kostiki ya moli 2 imekipita kwa mbali, kwani kiwango hicho huanzia takriban gramu 20 kwa lita, na alikali, yaani besi inayoyeyuka majini kama kostiki, hupenya ndani ya jicho haraka kuliko asidi nyingi. Mmumunyo wa moli 0.1 tunaoutumia kwenye taitresheni, yaani jaribio la kupima ukali wa asidi au besi kwa bureti, una gramu 4 tu kwa lita. Ndiyo sababu huwa nauandaa mwenyewe, na kopo halitoki stoo.

Kisa cha pili kilihusu chupa ya lita 2.5 ya asidi kali ya salfuriki, ambayo kijana wa kaunta aliitia kwenye mfuko mbadala, akidhani nitapanda nayo daladala. Nilipokataa alileta ndoo yenye mfuniko na maranda ya kuizungushia. Asidi hiyo huunguza mbao, kwa hiyo nikaomba mchanga mkavu, naye akautafuta bila kinyongo, akaihifadhi chupa hadi gari la shule lilipokuja kesho yake. Hulka hiyo naipongeza, ingawa ningependa muuzaji ndiye anifundishe mimi.

Kwa vyombo na miwani nitarudi, na mwalimu mwenzangu nitamwelekeza huko. Kemikali za chupa zilizofungwa kiwandani nazo nitanunua. Makopo ya kupimiwa sitayagusa mpaka yawe na lebo kamili, na kopo nililonalo nimelibandika yangu, kwa wino usiofutika.