Vifunika masikio vya mafundi: je, vinamfaa kijana mwenye usonji kanisani na shuleni?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma ukaulizia "vile vya masikioni vya mafundi wa grainda", utaletewa aina mbili: vizibo vya sponji vya kutia ndani ya sikio, na vile vikubwa vya vikombe viwili vilivyoungwa kwa ukanda wa utosini. Hapa tunapima hivi vya vikombe. Na hatuvipimi karakanani, bali kwenye ibada ya Jumapili yenye kinanda, spika za besi na kwaya tatu zinazopokezana, na kwenye uwanja wa shule saa ya mapumziko. Huko ndiko kijana wa miaka 13 au 15 mwenye usonji anakozidiwa na kelele mpaka akaziba masikio kwa mikono na kukimbilia nje, na wenzake wakapata la kumcheka wiki nzima.

Kwanza soma boksi. Tafuta namba ya SNR, yaani desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) ambazo kifaa kilipunguza maabara, na alama ya EN 352, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kukinga masikio. Boksi lisilo na namba liache dukani, hata muuzaji aape. Kwa mfano, 3M Peltor X1A ina SNR ya 27 na uzito wa gramu 184. Kaka yake X5A ina 37 na gramu 351. Wazazi wengi hukimbilia hiyo kubwa wakidhani namba kubwa ndiyo huruma kubwa. Ni kosa. Gramu 351 kichwani kwa saa mbili na nusu, kwenye joto la Oktoba, chini ya bati, ni adhabu. Isitoshe inazima sauti za watu, na kijana anabaki ameketi kati ya waumini kama yuko kisimani. Kwa ibada, 25 hadi 30 inatosha. Kila desibeli 10 zikipungua, sikio huhisi sauti imeshuka karibu nusu, na hata ukiondoa kinachopotea kwa jasho na kuvaa vibaya, unafuu unabaki mkubwa.

Kuna jambo boksi halisemi waziwazi: vikombe hukata sauti nyembamba vizuri na sauti nzito vibaya. Kwaya ya Kigogo ikisimama kuimba, mchakacho wa kayamba unapotea karibu wote, lakini mdundo wa muheme, ngoma ya Wagogo, unapita, na besi ya spika inapanda kutoka sakafuni hadi kwenye benchi na kifuani. Mzazi akiona kijana bado anahangaika husema "havifanyi kazi". Vinafanya, ila mahali alipokaa ni pabaya. Msogeze mbali na spika ya besi, pembeni, karibu na mlango. Umbali unasaidia kuliko kuongeza bei.

Kuvaa kuna kanuni zake. Mto wa kikombe ugusane na ngozi pande zote. Mikono ya miwani, rasta nene, kilemba au mtandio ukipita chini ya mto, sauti inaingia hapo hapo. Binti anayevaa hijabu avivae ndani yake. Jaribio ni rahisi: akishavaa, bonyeza vikombe kwa viganja. Kelele ikipungua ghafla, kulikuwa na upenyo. Vikibana sana, vitanulie juu ya boksi la viatu usiku kucha. Msikitini, vikombe huteleza mbele kijana akisujudu, kwa hiyo ukanda ukazwe kidogo nyumbani kabla ya kutoka. Jasho na vumbi letu hukausha mito upesi: ifute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usitumie spiriti, na ikipasuka badilisha mito yenyewe bila kutupa kifaa kizima.

Asivivae kutwa. Sikio likizoea ukimya wa kudumu, hata kikombe cha chai kikigonga sahani kinauma. Vaa kabla kelele haijaanza, vua ikiisha. Ratiba ya ibada iliyoandikwa kwenye karatasi, nyimbo zikiwa zimewekewa alama, humpa nafasi ya kujiandaa; kinachomvunja mara nyingi ni kushtukizwa.

Sasa upande mgumu. Kifaa hiki kinaonekana, na kinachoonekana kinaitiwa majina: DJ, rubani, roboti. Kinachotokea shuleni kinatabirika kabisa. Mmoja anamnyemelea nyuma, anavivuta, kelele zote zinamrudia kwa mkupuo, kijana anarusha mkono, na anayeitwa ofisini ni yeye. Kabla ya siku ya kwanza kuvivaa, mwalimu wa malezi aongee na darasa dakika tano, kwa idhini ya kijana mwenyewe: hivi ni kama miwani au fimbo ya kutembelea, havivuliwi wala havijaribiwi na mwingine. Tukio likitokea, andika tarehe, saa, mahali na waliokuwepo. Malalamiko ya jumla ("wanamwonea") hayaendi mbali. Daftari lenye mistari mitano linamfanya mwalimu mkuu asimame.

Kanisani tatizo ni jingine. Mzee wa kanisa anaona dharau, mwingine anaona pepo na kutaka kumwekea mikono. Usonji si pepo, ni namna ubongo ulivyojengeka, na mkono unaoshuka kichwani bila taarifa unaweza kumuumiza kijana huyu kweli. Mchungaji au imamu aambiwe mapema, naye awaambie watu. Eliya alingoja upepo, tetemeko na moto vipite, akaisikia sauti ndogo ya utulivu. Kijana anayeomba akiwa amefunika masikio hajajitenga na Mungu hata kidogo, na inauma kuona anatolewa nje kwa ajili hiyo.

Kuhusu marafiki, tuseme wazi: kifaa hakileti rafiki. Kinampa kijana nguvu ya kubaki mahali rafiki anapopatikana. Usimpangie mlinzi wa zamu. Vijana wanajua tofauti. Tafuta mwenzake anayependa anachopenda yeye, iwe treni za SGR au bao, na wape kazi ya kufanya bega kwa bega: kupanga viti, kuhesabu vitabu vya Tenzi, kuvirudisha kabatini kwa namba. Kazi yenye utaratibu mara nyingi ataifanya vizuri kuliko wote. Huyo rafiki ajifunze mambo mawili. Aje kwa mbele anapoonekana, asimguse kutoka nyuma. Na wakubaliane ishara, kwa mfano kugonga benchi mara mbili: kwaya inasimama kuimba, vaa.

Alama zetu: 8 kwa 10. Moja tumeikata kwa besi, nyingine kwa joto. Rangi achague mwenyewe, hata kama akichagua njano inayowaka na mama angependa nyeusi.