Mkaa wa mifupa au alumina amilifu: kipi kinafaa kuondoa floraidi?

Maji mengi ya mitelemko ya Mlima Meru yana floraidi, chumvi inayodhuru meno na mifupa ikizidi, kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Mkaa wa mifupa hunasa floraidi kwa apataiti, madini yaleyale ya mifupa na meno. Floraidi huingia mahali pa haidroksili, kipande cha apataiti chenye oksijeni na haidrojeni. Kazi yote iko kwenye moto. Mifupa ya ng'ombe ichomwe kwa nyuzijoto 400 hadi 500, hewa ikizuiwa kuingia. Ikiiva nusu, mafuta hubaki ndani, na maji hutoka na rangi ya njano na harufu mbaya. Ikipita 600 huku hewa inaingia, huwa myeupe, vitundu vyake hujifunga na uwezo wa kunasa hushuka. Vunja kipande: kiwe cheusi au kijivu hadi ndani, bila harufu.

Alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, hununuliwa tayari, chembe zake zinalingana. Ila hunasa vizuri kwenye pH (kipimo cha uasidi; chini ya 7 ni asidi) ya 5.5 hadi 6, na maji ya Meru ni ya magadi, mara nyingi pH inapita 8. Lazima utie asidi, na ikizidi, aluminiamu huyeyukia kwenye maji ya kunywa.

Vyote viwili huoshwa kwa soda kali ya asilimia 1 vikichoka, yaani vikijaa floraidi. Alumina hudai asidi tena baadaye.

Kwa ndoo ya nyumbani, mkaa. Alumina ifae mtambo wenye fundi wa kupima pH kila siku, au jamii isiyokubali mifupa.